Baiskeli ya Oda: Gurudumu la Inchi Ngapi?

Anayenunua baiskeli dukani hachagui ukubwa wa gurudumu. Anachagua baiskeli, na gurudumu linakuja nayo. Anayemwekea fundi oda ya fremu hana starehe hiyo. Kabla bomba la kwanza halijakatwa ataulizwa magurudumu yatakuwa ya ukubwa gani, kwa sababu jibu lake ndilo linalopanga urefu wa mabomba ya nyuma, kimo cha ekseli ya pedeli, mkunjo wa uma wa mbele na mahali breki zitakapofungwa. Fremu ikishachomelewa, kubadili mawazo maana yake ni kutengeneza fremu nyingine.

Hapo ndipo ubishi unapoanza. Mmoja anasema gurudumu kubwa ndilo linalokimbia. Wa pili anasema dogo ndilo imara. Wa tatu hataki kusikia hayo. Anauliza tairi litapatikana wapi likichanika huko Mpanda. Kila mmoja ana kipande cha ukweli, ila wote wanaanzia mwisho. Maswali ya kuanza nayo ni manne: utapita njia gani na kwa tairi la upana gani, mpandaji ana kimo gani, mzigo ni kiasi gani, na spea zitatoka wapi. Ukiyajibu hayo kwanza, magurudumu mengi yatajiondoa yenyewe, na yatakayobaki ni mawili, pengine moja tu.

Namba zinazochanganya

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini, maana inchi zinazotajwa madukani hazina uaminifu. Mteja anaingia na kusema, "Fundi, nipe tairi la ishirini na nane." Fundi anayejua kazi yake hamkabidhi kitu bado, anauliza, "La Phoenix au la sipoti, kaka?"

Ana sababu. Tairi la baiskeli nyeusi ya kazi, ile yenye breki za fimbo, iwe Phoenix ya China, Avon au Hero ya India, au Raleigh ya Uingereza enzi zake, huandikwa 28 x 1 1/2, na mahali linapokalia kwenye ringi pana kipenyo cha milimita 635. Tairi la baiskeli nyepesi ya Ulaya nalo linaitwa 28, lakini lake ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 huioni kwa macho ukiyatundika matairi hayo msumari mmoja, ila ukifika kwenye ringi mambo hayaendi. La 622 halitaingia kwenye ringi ya 635 hata ulivute kwa vyuma vitatu, na la 635 litacheza kwenye ringi ya 622, kisha liruke ukianza kujaza upepo.

Ishirini na sita ndiyo balaa zaidi. Tairi la baiskeli ya mlimani, 26 x 2.00, ni la ringi ya milimita 559. Baiskeli za mitumba za Japani, zile za mjini zenye kikapu mbele, zinavaa 26 x 1 3/8, ambalo ni la milimita 590. Zipo pia za 584 na za 571, nazo zote zimewahi kuitwa ishirini na sita. Hata sehemu iliyoandikwa kwa desimali na ile iliyoandikwa kwa mstari hazibadilishani: 26 x 1.75 ni ya 559, wakati 26 x 1 3/4 ni ya 571, ingawa kihesabu 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja.

Chanzo cha vurugu hii ni kwamba zamani namba ilipima kipenyo cha nje cha tairi lililojaa upepo, wala haikupima ringi. Ukitaka tairi nene lisilozidi kipenyo kilekile cha nje, huna budi kupunguza ringi. Wafaransa waliweka herufi kutofautisha: 700A ilikuwa ya tairi jembamba, 700B ya wastani, 700C ya nene, na ringi zake zikapungua kutoka 642 hadi 635 hadi 622. Miaka ikapita, matairi yakabadilika, majina yakabaki. Leo 700C, iliyobuniwa kwa tairi nene, ndiyo inayovalishwa matairi membamba kuliko yote ya mashindano. Na ile 635 ya Phoenix si nyingine ila 700B ya zamani.

Dawa ya yote haya imeandikwa ubavuni mwa tairi lenyewe: namba mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 37-622. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha mahali linapokalia kwenye ringi. Huo ndio mfumo wa ETRTO, chombo cha Ulaya cha viwango vya matairi na ringi, na umechukuliwa na viwango vya kimataifa vya ISO. Kwenye oda ya fremu usiandike inchi kabisa. Andika 622, ambayo wauzaji huiita 700C kwa barabara na 29 kwa mlima ingawa ringi ni ya kipenyo kimoja; au 584, yaani 650B au 27.5, au 559, ishirini na sita ya mlimani, au 406, ishirini ya BMX na ya baiskeli nyingi za kukunja. Hizo nne, pamoja na 635, zinatosha kwa mjadala huu.

Kasi haikai kwenye ukubwa

Imani kwamba gurudumu kubwa lina kasi zaidi ina historia yake. Katika baiskeli za miaka ya 1870, zile zenye gurudumu kubwa mbele na kadogo nyuma, pedeli zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele. Mzunguko mmoja wa mguu ulikuwa mzunguko mmoja wa gurudumu, kwa hiyo mwenye gurudumu la inchi 54 alisogea kama mita 4.3 kila alipomaliza mzunguko, na aliyetaka mwendo zaidi alihitaji gurudumu kubwa zaidi, mpaka miguu ikashindwa kufika. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli yake ya Rover yenye mnyororo kwenda gurudumu la nyuma, na kifungo kile kikakatika. Tangu siku hiyo mwendo unatoka kwenye meno.

Hesabu ni rahisi. Chukua baiskeli ya kazi yenye tairi la 40-635, meno 44 mbele na 18 nyuma. Mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza karibu mita 5.5, kupita lile gurudumu la inchi 54. Kwa mizunguko 60 kwa dakika unakwenda takriban kilomita 20 kwa saa. Meno hayohayo kwenye tairi la 50-406 yatakusogeza mita 3.9. Umepoteza mwendo? Badili meno ya nyuma kutoka 18 hadi 13, na utakuwa umerudi pale pale. Fundi wa oda analijua hili na atapanga meno kulingana na gurudumu.

Hoja ya pili, hii ya wapenzi wa gurudumu dogo, ni kwamba jepesi linaamka haraka. Nayo ina ukweli wake, lakini ni mdogo kuliko unavyosikika. Ringi, tairi na tyubu vya 559 ni vyepesi kwa kama asilimia 10 kuliko vya 622 vya aina hiyohiyo. Tuseme umeokoa gramu 130 kila gurudumu, gramu 260 kwa yote mawili. Uzito unaozunguka pembeni mwa gurudumu unahesabika kama mara mbili pale unapoongeza mwendo, kwa hiyo ni kana kwamba umepunguza nusu kilo. Lakini mtu, baiskeli na chupa ya maji ni kilo 90. Faida haifiki asilimia moja, na ukishashika mwendo inatoweka.

Jiwe la sentimita tano

Mahali gurudumu kubwa linapojitetea vizuri ni kwenye mashimo na mawe. Weka jiwe la sentimita tano njiani. Chora mstari kutoka katikati ya habu kwenda chini moja kwa moja, na mwingine kutoka habu hadi kona ya jiwe pale tairi linapoligusa. Kadiri pembe kati ya mistari hiyo inavyokuwa kubwa, ndivyo jiwe linavyokurudisha nyuma badala ya kukuinua. Kwa tairi la 50-406 pembe ni kama digrii 37. Kwa 50-559 ni 32. Kwa 55-622, yaani inchi 29 ya mlimani, ni 30.

Angalia mwenendo wa namba hizo. Kutoka gurudumu la ishirini hadi la ishirini na sita umepata digrii tano, na mikono itazisikia. Kutoka ishirini na sita hadi ishirini na tisa umepata mbili tu. Faida ipo, ila inapungua kila unapoongeza ukubwa, huku uzito na urefu vikiendelea kuongezeka. Hii ndiyo sababu wabishi wa 559, 584 na 622 hawamalizi ubishi wao: wanagombania kilichobaki baada ya faida kubwa kushapatikana.

Michezo imetoa ushahidi wake. Kwenye Olimpiki ya London mwaka 2012, mbio za milimani za wanaume zilimalizika kwa Jaroslav Kulhavý wa Jamhuri ya Cheki kumpita Nino Schurter wa Uswisi kwa sekunde moja. Kulhavý alikuwa kwenye 29, Schurter kwenye 27.5. Miaka minne baadaye huko Rio, Schurter alichukua dhahabu akiwa kwenye 29. Mtu anaweza kusema kubwa limeshinda, na kweli mashindano ya milimani yamehamia huko. Lakini sekunde moja baada ya saa moja na nusu ya mbio haimpi raia wa kawaida sababu ya kujinyima gurudumu linalomfaa mwilini.

Kuna na jambo la usukani. Nyoosha kwa mawazo bomba la usukani mpaka ligonge ardhi. Litagonga mbele kidogo ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali huo ndio unaoutuliza usukani. Bomba likiwa na mwinamo wa digrii 73 na uma wenye mkunjo wa milimita 45, gurudumu la 28-622 linapata kama milimita 57. Weka gurudumu la 50-406 kwenye vipimo hivyohivyo, zinabaki 30, na baiskeli inakuwa na usukani mwepesi wa kuyumbayumba. Watu wengi waliopanda baiskeli za kukunja za bei rahisi wanalitupia lawama gurudumu. Punguza mkunjo wa uma kutoka 45 hadi 20, na umbali unarudi 56. Tabia nyingi tunazozitundika kwenye gurudumu kumbe ni tabia za fremu iliyochorwa bila kulifikiria gurudumu hilo. Mwenye oda ndiye mtu pekee anayeweza kulikwepa kosa hili bila gharama ya ziada, mradi achague kabla ya fundi kuchora.

Tairi kwanza

Kwa hiyo anza na njia. Methali ya mchagua jembe si mkulima inamfaa mnunuzi wa dukani. Anayemwagiza mhunzi amfulie jembe lake sharti aujue udongo wa shamba lake.

Kwenye lami nzuri, tairi la milimita 28 hadi 35 linatosha. Kwenye changarawe na barabara za vumbi zilizojikunja mawimbi, anza na 40. Kwenye mchanga, mawe na njia za ng'ombe, 50 au zaidi. Upana ndio unaobadilisha safari, kwa sababu tairi pana linaendeshwa kwa upepo mdogo. Mtu wa kilo 70 anayejaza tairi la 28 kwa PSI 80 anaweza kuliacha la 50 kwenye 40 au pungufu, na hapo tairi lenyewe linameza vijiwe ambavyo gurudumu kubwa lenye tairi gumu lingevipeleka moja kwa moja kwenye viganja.

Ukishajua upana, angalia kipenyo cha nje, maana hicho ndicho kinachogusa fremu, ardhi na kiatu. Tairi la 28-622 lina kipenyo cha nje cha milimita 678. Tairi la 47-584 nalo ni 678 kamili. Kwa nje ni gurudumu moja: meno yaleyale, kimo kilekile cha ekseli ya pedeli, usukani uleule. Ndani yake, la pili lina hewa mara mbili na zaidi. Hapa ndipo lilipo jibu la swali linaloulizwa sana, kwamba 584 ina kazi gani wakati 622 ipo. Kazi yake ni kumpa mtu tairi nene bila kuikuza baiskeli nzima.

Breki zinaingia hapa pia. Ukichagua breki zinazobana ringi, mahali pake panafungwa kwa ukubwa mmoja tu, na fremu itabaki na gurudumu hilo maisha yake yote. Ukichagua diski, breki inabana karibu na habu na haijali ringi ina kipenyo gani. Fremu iliyoachiwa nafasi ya kutosha inaweza kuvaa 40-622 kwa safari ya lami na 50-584 wakati wa vumbi. Ekseli ya pedeli itashuka milimita tisa tu. Mwambie fundi mapema, apime nafasi kwa tairi nene kuliko yote utakayowahi kuvaa, aongeze madigadi, kisha aongeze tena nafasi ya tope. Udongo mweusi wa mfinyanzi wakati wa masika hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma, na tatizo hilo linatokea sana kwa baiskeli zilizobanwa kwa ajili ya urembo.

Mwili wa mpandaji

Viwanda vikubwa hutengeneza fremu za ukubwa tano au sita juu ya gurudumu moja. Mtu wa kimo cha sentimita 175 hapati shida. Mwenye 155 ndiye anayeumia, na mara nyingi ni mwanamke.

Fuata vipimo. Mkono wa pedeli ni milimita 170, na kiatu kinatokeza mbele ya pedeli kama 100. Ongeza nusu ya kipenyo cha tairi la 28-622, yaani 339. Jumla ni 609. Hiyo ndiyo nafasi inayotakiwa, kwa makadirio, kutoka ekseli ya pedeli hadi habu ya mbele ili ncha ya kiatu isigonge tairi unapokata kona. Fremu ndogo iliyochorwa kwa mtu mfupi huwa haifiki hapo. Fundi ana njia tatu: asogeze gurudumu mbele kwa kulaza bomba la usukani, jambo linalobadilisha tabia ya baiskeli, aweke mikono mifupi ya pedeli, au apunguze gurudumu. Kwa 38-559 mahitaji yanashuka hadi 588. Hizo sentimita mbili ndizo zinazomwezesha kugeuza baiskeli kwenye uchochoro bila kukwaa. Madigadi nayo inadai sentimita nyingine, kwa hiyo ukiitaka itaje mwanzoni.

Tatizo hili lilitafutiwa dawa zamani. Georgena Terry, mhandisi wa Marekani aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1985, alitengeneza baiskeli za wanawake wafupi zenye gurudumu la inchi 24 mbele na 700C nyuma. Zilifanya kazi, ila mwenye nayo alilazimika kubeba tyubu za aina mbili. Leo, kwa kuwa 584 na 559 zina matairi mazuri, ni afadhali kupunguza magurudumu yote mawili.

Upande wa pili kuna warefu. Mwenye mita 1.95 akipanda 559 atapata bomba la usukani refu na fremu inayoonekana kama ngazi. 622 yenye tairi pana inamkalia vizuri. Gurudumu la inchi 36 lipo kwa warefu kupindukia, na la 32 limeshaanza kuonekana kwenye baiskeli za milimani. Hayo waachie wenye moyo wa kuagiza kila tairi kutoka ng'ambo.

Mwenye nia ya kushindana barabarani hana uchaguzi mpana. Kanuni za chama cha kimataifa cha baiskeli, UCI, zinataka gurudumu pamoja na tairi liwe kati ya sentimita 55 na 70. Kwa vitendo, kundi zima la wakimbiaji hupanda 622, kwa sababu gari la timu na magari ya msaada hubeba hilo. Hata Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya barabara yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza, hakuna aliyetafuta ushindi kwa kubadili ukubwa wa ringi.

Mzigo

Mzigo hupendelea gurudumu dogo, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uimara. Spoki fupi zinasimama kwa pembe pana zaidi dhidi ya msukumo wa ubavuni, na ringi ndogo hupinda kwa shida. Baiskeli nyeusi za 635 zilijitetea dhidi ya udhaifu huo kwa chuma kizito na spoki nyingi: 32 mbele na 40 nyuma kwa desturi ya Kiingereza. Kwa ringi hiyo ndiyo boda boda ilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ikimbeba mtu mzima juu ya keria. Kwa hiyo kubwa linabeba, ila linalipa kwa uzito.

Sababu ya pili ni kimo cha mzigo wenyewe. Keria haiwezi kukaa chini ya tairi. Juu ya 40-635 itakuwa zaidi ya sentimita 72 kutoka ardhini; juu ya 50-559 itashuka sentimita tano au sita; juu ya 50-406 itashuka zaidi ya 20. Gunia la kilo 50 lililokaa chini kiasi hicho halikuangushi unaposimama kwenye makutano. Ndiyo maana baiskeli nyingi za mzigo za Ulaya zenye sanduku mbele huweka gurudumu la 406 chini ya sanduku na kubwa zaidi nyuma.

Mfano wa karibu nasi ni Buffalo, baiskeli ya shirika la World Bicycle Relief lililoanza mwaka 2005, inayounganishwa Kisumu na kwingineko Afrika. Ilitengenezwa kwa barabara za vijijini, na keria yake inabeba kilo 100. Wabunifu wake wangeweza kufuata baiskeli nyeusi ya 635 waliyoikuta. Wakachagua ishirini na sita yenye tairi nene. Gurudumu hilo ni fupi, imara, na tairi lake linavumilia mawe.

Na wakati wa kupanda mlima na mzigo, gurudumu dogo linasaidia bila hata kuongeza meno. Kwa meno 22 mbele na 34 nyuma, 55-622 inakusogeza mita 1.49 kwa mzunguko, 50-559 mita 1.34. Anayepanda mlima Kitonga na mikoba minne atazipokea sentimita hizo 15 kwa shukrani.

Spea

Swali la spea ndilo linalopotosha zaidi, kwa kuwa watu huliuliza kwa ujumla. Tenganisha tyubu, tairi, ringi na spoki. Tyubu isikusumbue: ni mpira, inavutika, na ya ishirini na sita itakufikisha nyumbani ndani ya tairi la 584. Spoki tatu au nne za akiba zifunge kwenye bomba la fremu. Linalokulaza njiani ni tairi lililochanika na ringi iliyopinda.

Hapa Afrika Mashariki, duka la kijijini lina uwezekano mkubwa wa kuwa na tairi la 635 na la 559. La 622 linapatikana mijini, hasa kunakouzwa mitumba ya Ulaya. La 584 lenye ubora ni la kutafuta. Lakini 635 ina kikwazo kingine: ringi zake za kawaida zimeumbwa kwa breki za fimbo zinazovuta kutoka ndani, hazina ubavu bapa wa kubanwa na breki za kisasa, na matairi yake ni ya daraja moja tu, la kazi. Kumtengenezea mtu fremu nyepesi ya oda juu ya 635 ni kuifunga kwenye chuma kizito, labda utumie breki ya ndani ya habu au diski.

Hali ya dunia inavuta upande mwingine. Tangu mwanzoni mwa muongo uliopita viwanda vya baiskeli za milimani vimeiacha 559 na kwenda 584 na 622. Tairi la kawaida la 559 litaendelea kuwapo kwetu kwa miaka mingi, kwa sababu baiskeli zake ni nyingi mno. La daraja la juu linazidi kupungua kwenye orodha za watengenezaji kila mwaka. Mwenye oda ajiulize kama anataka tairi lolote mahali popote au tairi zuri kutoka mjini. Kwa vyovyote achukue habu na ringi za matundu 36. Ringi ya 559 ya matundu hayo inapatikana kwa urahisi, na fundi wa mtaani ameifunga mara nyingi.

Oda nne

Tuyaweke maswali pamoja. Mwalimu wa sentimita 157, kilomita kumi na mbili za vumbi kila siku, vitabu nyuma: tairi la 45 au 50, ringi 559. Mwili wake na duka la kijijini vinakubaliana, na hakuna hoja ya kasi inayoweza kulibadilisha hilo.

Kijana wa sentimita 182 anayetaka kukimbia kwenye lami ya Arusha na wenzake na siku moja kujiandikisha kwenye mashindano: 622 yenye nafasi ya tairi la 35. Asiongozwe na picha za matairi ya 23 ya zamani; lami yetu ina viraka.

Mama wa Dodoma wa sentimita 165 anayependa safari za wikendi, lami nusu na changarawe nusu, vipuri akinunua mjini: 584 yenye diski na tairi la 47. Hapa ndipo ukubwa huu unapostahili sifa zake. Angekuwa na mpango wa kuvuka hadi Kigoma kwa mwezi mzima bila kupita duka kubwa, ningemrudisha 559.

Na mwenye biashara ya kusambaza mkate asubuhi: 406 mbele chini ya sanduku, 559 nyuma, spoki 36 kila gurudumu, breki ya diski. Tairi mbili za ukubwa tofauti ni kero, lakini yeye anarudi bohari lilelile kila jioni, na spea anaweza kuziweka rafuni.

Utaona kwamba ni mmoja tu kati ya wanne aliyepata 622, ukubwa ambao maduka na picha za matangazo vinatufanya tuuone kuwa wa kawaida. Ukubwa huo umefaa wanamichezo warefu wa Ulaya na viwanda vinavyotaka kurahisisha bidhaa, na hakuna ubaya wowote. Ila mtu anayelipa fremu ya oda amelipia haki ya kutokuwa wastani. Fundi akikuuliza inchi ngapi, mpe upana wa tairi lako, kimo chako, uzito wa mzigo wako na jina la mji unaonunulia spea, halafu mwache yeye akuambie namba. Akikutajia kabla hujamweleza hayo, tafuta fundi mwingine.